Nipo mwaka wa pili Kemia, nataka kuhamia Uhasibu. Nimechelewa au bado?

#1 Bureti Tupu
Wakuu habari. Naingia kwenye mada.

Nasoma digrii ya Kemia chuo cha serikali, mwaka wa pili, semista ya kwanza tumeshamaliza. GPA 2.9. Sapu nilikuwa nayo moja, nimeshaifuta. Kwa hiyo sifukuzwi na mtu, naomba hilo lieleweke mapema.

Kisa chenyewe ni hiki. Rumeti wangu anasoma Uhasibu. Usiku mmoja mwaka jana urari wake uligoma, upande wa debiti umezidi 900. Jamaa kahangaika mpaka kalala. Mimi nikachukua karatasi zake kwa sababu tu taa ilikuwa inawaka na usingizi sina. Nikapita leja moja moja, saa nane usiku nikakuta manunuzi ya 4,500 yameandikwa 5,400. Nikamwamsha. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuingia maabara. Tangu hapo maswali yake nafanya mimi, yeye anaenda kucheza mpira.

Form six nilisoma PCB: Kemia C, Biolojia C, Fizikia D, na BAM (ile hesabu ndogo) nina B. Hesabu form four C. Nina mkopo wa Bodi. Mzee wangu yupo kijijini, anajua mwanaye atakuwa mtu wa maabara na ameshawatangazia watu.

Maswali: kuhama inawezekana? Mkopo unakuwaje? Na huko kwenye biashara kuna nini ambacho sikioni kutoka huku? Matusi wekeni pembeni.

#2 Njugu Mawe
Nimekaa siti ya mbele. Koti la maabara unauza bei gani?

#3 Fundi Pipeti
Dogo, miaka miwili umeshika bureti halafu ukimbie kwa sababu ya 900 ya mtu mwingine?

Mimi nimemaliza Kemia, nipo maabara ya kiwanda cha saruji. Tunaishi. Mkemia wa Tanzania ana milango: Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS, TMDA, maabara za mamlaka za maji, migodi, viwanda vya bia na soda. Mwenye digrii ya biashara ana mlango mmoja, ila kwenye mlango huo kuna foleni ya watu wote waliosoma biashara nchi hii.

#4 Ngosha wa Ilemela
Fundi, milango umeitaja vizuri. Sasa taja na idadi ya viti vilivyopo nyuma ya kila mlango.

#5 Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya udahili chuoni miaka mingi, ngoja niweke utaratibu kabla hamjaanza kurushiana mawe.

Mleta mada, kuna njia tatu na watu huwa wanazichanganya.

Ya kwanza ni kuhama kozi ndani ya chuo hicho hicho. Kwa vyuo vingi dirisha hilo ni wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Wewe limeshakupita. Mkuu wa idara anaweza kukusikiliza kwa huruma, lakini mtaala hauna huruma: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, digrii ya miaka mitatu ni 360. Ulizokusanya zako ni za kemia ogania na za maabara. Mhasibu anazipokea kama nini? Labda takwimu, labda stadi za mawasiliano. Zilizobaki zinabaki ulikozipata.

Ya pili ni kuacha na kuomba upya kwa cheti cha form six, unaanza mwaka wa kwanza kama mgeni. Kigezo cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni ufaulu wa masomo makuu mawili (principal) wenye jumla ya pointi 4.0. Wewe una C mbili, hizo ni 6.0. BAM ya B na hesabu ya C zitakusaidia maana kozi nyingi za biashara zinauliza hesabu. Ila soma sifa za kozi yenyewe kwenye kitabu cha mwongozo, usisome za jumla ukadhani umemaliza. Na hakikisha chuo cha kwanza kimekuondoa rasmi. Nimeshuhudia vijana wanaomba upya huku majina yao bado yanasoma kwamba ni wanafunzi mahali pengine, wanaanza kulia dirishani kwangu mwezi wa kumi.

Ya tatu ni kumaliza hiyo Kemia kisha ukaingia kwenye uhasibu kwa mlango wa NBAA, bodi ya wahasibu. Hiyo watakueleza wenyewe wenye CPA, cheti chao cha uhasibu.

#6 Bureti Tupu
Asante sana mzee Karani. Na mkopo?

#7 Ngosha wa Ilemela
Mkopo usikutishe. Bodi inakukata asilimia 8 tu ukipata kazi, hata husikii.

#8 Karani Mstaafu
Ngosha, 8 hiyo ni ya zamani. Sheria ilirekebishwa 2016, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kilichofutwa 2021 ni ile 6 ya kulinda thamani ya mkopo, watu wanachanganya.

Mleta mada, ukiacha kozi ulichochukua kinabaki deni. Mpwa wangu aliacha na akataka mkopo kwa kozi mpya: mwongozo wa mwaka huo ulimtaka awe amerejesha angalau asilimia 25 ya alichokwishapewa kabla hajafikiriwa tena. Mwongozo hutoka kila mwaka, usome wa mwaka wako. Mpwa wangu aliuza pikipiki.

#9 Ngosha wa Ilemela
Nimesimama kusahihishwa. Ila ndiyo maana siioni kwenye salary slip yangu, sina salary slip.

#10 Dada wa Kaunta
Habari zenu. Mimi ni mfano hai, nimesoma Botania. Naam, majani. Sasa ni afisa mikopo benki, mwaka wa tisa.

Sikuhama. Nilimaliza, nikakaa nyumbani mwaka na miezi, benki ikatangaza nafasi za vijana wenye digrii yoyote, nikaomba. Kundi letu la mafunzo lilikuwa na mwalimu wa fizikia, mtu wa misitu na mimi. Waliosoma fedha walitucheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu tulikwenda kumtembelea mteja wa kuku wa mayai anayetaka mkopo, wao wakauliza mizania, mimi nikauliza chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Hakuwa na jibu. Mkopo haukutoka, na miezi miwili baadaye banda zima lilikufa kwa kideri.

Kwa hiyo mdogo wangu, usidhani lazima ubadilishe kozi ili ubadilishe maisha.

#11 Njugu Mawe
Kuku wamekufa, dada kapanda cheo. Hii nchi.

#12 Kaole
Dada #10 umebahatika. Wacha niseme upande wangu.

Mimi nilihama kweli. Nilikuwa mwaka wa kwanza BSc, nikawahi hilo dirisha analosema mzee Karani, nikaingia utawala wa biashara. Nimemaliza. Leo ni wakala wa fedha za simu, nina kibanda changu stendi. Anayetazamana na mimi ng'ambo ya barabara naye ni wakala. Yeye alisoma ualimu wa Kemia na Biolojia. Tunabadilishana chenji. Laini ikisumbua anakuja kwangu, salio likiniishia naenda kwake. Sasa niambieni mimi nilihama kwenda wapi.

#13 Mkia wa Taa
Hii ni chai, tena ya tangawizi.

#14 Kaole
Njoo stendi utoe hela uone kama ni chai. Makato utalipa kama wengine.

#15 Mwalimu Chaki
Nafundisha Kemia form five na six. Naomba nilaumu pale panapostahili.

Hawa watoto hawakuchagua sayansi. Kwenye selform, fomu ya kuchagua masomo, mwanafunzi mwenye B ya Biolojia akijaza HGE (Historia, Jiografia, Uchumi), mzazi anakuja shuleni na mjomba. Nimewahi kuitwa ofisini, baba analia kabisa, anauliza mwanaye amerogwa na nani mpaka anataka Uchumi. Mtoto kafuta, kajaza PCB. Halafu anaikosa udaktari kwa pointi, anaangukia Kemia kwa sababu ndiyo kozi iliyo karibu na ndoto ya baba. Mwaka wa pili anaamka usiku na kukuta leja inampenda kuliko nyumbani.

Mleta mada, nitajie kama nimekosea.

#16 Bureti Tupu
Hujakosea mwalimu, ila kwangu hakulia mtu. Mzee alinyamaza siku tatu. Bora angelia.

#17 Ngosha wa Ilemela
Mwalimu, wazazi wanaonewa kila uzi. Fuata hela utaona sababu. Kozi za sayansi zinapewa kipaumbele cha mkopo, na tangu 2022/23 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sayansi form six. Mtoto wa maskini mwenye C mbili anafanya hesabu: sayansi napata bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, kwingine naweza kukosa. Buku kumi kwa siku siyo mchezo. Anaingia kwa ajili ya bumu, mapenzi yanakuja baadaye au hayaji. Ni ndoa ya mahari.

Mimi mwenyewe nilijaza kozi enzi za CAS, ule mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo, nipo kafe ya intaneti, umeme unakatika, chaguo la nne nikaweka chochote ili fomu ikubali. Mfumo ukanipa hiyo ya nne. Nikasoma miaka mitatu kitu nilichokichagua ili kuwahi umeme.

#18 Mkia wa Taa
CAS si ilianza juzi tu 2015?

#19 Karani Mstaafu
2010. Ikaondolewa 2017, waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja.

#20 Fundi Pipeti
Wote mnazunguka. Sababu ipo maabara. Mlioingia maabara ya chuo mnajua: bureti moja, watu wanane. Mmoja anafungua koki, wawili wanaangalia rangi, watano wananakili namba kwenye ripoti. Yule wa koki anazidisha tone moja, badala ya waridi hafifu inakuwa waridi ya harusini, na kwa sababu muda umeisha wanaandika namba ya kundi la jirani. Utaipendaje sayansi ya kunakili? Mimi niliipenda kwa sababu fildi ya mwaka wa pili nilipewa bureti yangu peke yangu kwa wiki nane. Kabla ya hapo na mimi nilikuwa natafuta namba ya mtu wa kunihamisha.

Kijana kaipenda leja kwa sababu ni kitu cha kwanza alichokifanya mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Angepewa bureti peke yake usiku ule angeipenda bureti.

#21 Bureti Tupu
Fundi hii imeniingia. Sisi tulikuwa tisa.

#22 Mzee wa Urari
Nimechelewa kuuona uzi. Mkaguzi wa hesabu, miaka 26.

Kwanza kijana, ile 900 usingekesha nayo. Tofauti ya urari ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimebadilishana viti, kama hiyo 4,500 na 5,400. Ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, huenda kuna kiasi kimewekwa upande usio wake. Hiyo alinifundisha bosi wangu wa kwanza, na aliniacha nikeshe siku nne kabla ya kunifundisha.

Pili, mambo ya kukesha na urari yamekwisha. Programu ya leo inakataa kuingiza kisicholingana. Mhasibu wa leo anakesha na kodi. Anakesha na risiti za EFD, mashine za kodi, ambazo mfanyabiashara ameziweka kwenye mfuko wa nailoni tangu mwezi wa tatu na wino umefutika. Anakesha na barua ya TRA. Sijui kama hilo nalo umelipenda.

Tatu, hesabu ya muda. Ukibaki, Kemia unamaliza mwakani mwezi wa saba. Ukiacha ukaanza Uhasibu mwaka huu, unamaliza miaka miwili baada ya hapo. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, kwa hiyo ndani ya miaka hiyo miwili kuna awamu nne. Mwenye digrii isiyo ya uhasibu anaanzia ngazi ya msingi, mwenye digrii ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati. Yaani unachookoa kwa kuhama ni ngazi ya msingi peke yake. Ofisini kwangu yupo mhandisi mwenye CPA na tunamgombania: ukikagua mradi wa barabara yeye anajua kokoto za milioni 40 zinatakiwa zionekane kiasi gani.

#23 Karani Mstaafu
Mzee mwenzangu, hesabu yako nzuri ila umepiga kama vile kijana hatafeli hata karatasi moja. Mitihani ya CPA siyo uji. Na ada ya mitihani, vitabu, rivyu, analipa nani? Bumu likiisha limeisha. Akiwa mwanafunzi wa Uhasibu angalau ana kitanda hosteli na mhadhara wa bure.

#24 Mzee wa Urari
Bure? Si umesema mwenyewe deni linabaki na asilimia 25 juu?

#25 Njugu Mawe
Wazee wamekutana. Sisi tusogee pembeni tusije tukapigwa na fimbo.

#26 Kijana wa Eldy
Sasa wadau. Nawasalimu kutoka Eldoret.

Mimi nilisoma Biokemia. Nilipata KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wameniweka huko, haikuwa chaguo langu la kwanza. Kuhama nilijaribu, nikakosa alama za klasta kidogo tu. Kwa hivyo nikaamua kutohama, nikajisajili KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, nikiwa mwaka wa pili na nikawa nasoma CPA jioni mjini. Mchana maabara, jioni leja. Karo ya CPA nilikuwa nalipa na pesa ya kuwaandikia watu CV. Nilikaribia kurudia mwaka kwa sababu nililala kwa mtihani wa vimeng'enya, nililala kihalisi, msimamizi akaniamsha.

Kampuni iliyoniajiri inauza dawa za mifugo. Kwa mahojiano waliniuliza swali moja la hesabu na moja la kwa nini chanjo lazima ikae baridi. HELB, bodi yetu ya mikopo, nao wameanza kukumbuka jina langu.

#27 Njugu Mawe
Karibu jirani. Ila ukija huku usitangaze kwamba umelipia karo, kwetu karo ni shimo la maji machafu. Sema ada.

#28 Kijana wa Eldy
😂 Basi nililipia yote mawili.

#29 Mkia wa Taa
Bakhresa alisoma Kemia au Uhasibu?

#30 Mwalimu Chaki
Kila uzi wa elimu lazima Bakhresa aletwe kama shahidi. Hakumaliza shule, tumeshajua. Mengi alikuwa mhasibu wa kusomea, mbona yeye hamumleti? Na Magufuli alifundisha Kemia na Hesabu, akawa mkemia kule Nyanza kabla ya siasa. Haya, tumefaidika nini?

#31 Bi Mchele
Wanangu mie niko Unguja, nimesoma yote na nimecheka. Naingia kinyume na nyinyi.

Mie nimesoma Biashara miaka mitatu, kwa mkopo wa bodi yetu ya huku. Nikarudi Jambiani, nikaona akina mama wanauza mwani mkavu kwa bei ya kutupa, nikafungua kijiwe cha sabuni za mwani na mafuta ya nazi. Wateja ninao, mahoteli wanachukua. Balaa langu ni moja: sabuni inatoka jasho. Naipanga rafuni imekaa vizuri, mvua za masika zikianza asubuhi naikuta imetota vitone juu, karatasi imegandana nayo. Na mara nyengine inawasha mikono. Soko nalijua, bei naijua, chapa nimesajili. Ninachokitaka ni mtu wa kunambia ndani ya sufuria kunatokea nini. Sasa huyu kijana anakimbia kile ninachokitafuta kwa tochi.

#32 Bureti Tupu
Shikamoo bibi. Unatumia kostiki soda kiasi gani kwa kilo moja ya mafuta, na ni nazi tupu?

#33 Bi Mchele
Marahaba mwanangu. Nazi tupu. Soda naweka robo kilo kwa kila kilo, ndivyo nilivyoelekezwa.

#34 Bureti Tupu
Robo ni nyingi mno, ndiyo inayowasha. Kila mafuta yana kiwango chake. Nazi inakula soda zaidi ya karibu mafuta yote: kilo 1 inahitaji kama gramu 183 ili mafuta yote yageuke sabuni. Zeituni ingekuwa kama 135. Wewe unaweka 250, kwa hiyo karibu gramu 67 zinabaki hazina wa kumla, zinakula ngozi ya mtalii. Na usiweke hata 183 kamili. Punguza asilimia 5, weka 174, mafuta kidogo yabaki. Na pima kwa mizani, siyo kwa kikombe.

Jasho siyo kosa lako. Sabuni ikitengenezeka inazaa na gliserini, na gliserini inavuta maji ya hewani. Masika hewa imejaa maji. Ikaushe penye upepo, ikishakauka ifunge isipate hewa kabla hujaipeleka hotelini.

Halafu samahani, swali lingine. Hiyo sabuni unaikausha wiki nne? Kwenye bei umeweka hizo wiki nne? Maana mafuta umenunua leo, hela inarudi baada ya mwezi na hoteli zenyewe hazilipi papo hapo, kwa hiyo una hela ya mizunguko miwili imelala rafuni wakati wote. Ukipata oda kubwa utaishiwa mtaji na wateja unao. Niandikie bei ya mafuta, soda, karatasi na kuni nikupigie gharama ya mche mmoja.

#35 Njugu Mawe
Wakuu mmeona? Anayesema hapendi kemia ndiye kajibu wa kwanza, Fundi Pipeti bado anatafuta miwani.

#36 Fundi Pipeti
Nilikuwa zamu. Namba zake ziko sawa, nimezipitia. Naongeza moja: bi mkubwa, soda ndiyo inamiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya soda inachemka na kukurukia usoni. Na usitumie sufuria ya alumini.

#37 Bi Mchele
Alumini ndiyo ninayoitumia! Ndiyo maana imetoboka.

#38 Dada wa Kaunta
Bi Mchele, huyo kijana amekuuliza swali la hela iliyolala ambalo nusu ya wateja wangu hawajawahi kujiuliza. Usimwachie.

#39 Mwalimu Chaki
Na mimi nanakili somo. Kijana, unasema huipendi Kemia, lakini umeandika gramu 183 bila kusita.

#40 Bureti Tupu
Mwalimu, kuijua na kuipenda ni vitu viwili. Hizo 183 nimezikariri semista iliyopita, zipo kichwani kama namba ya simu ya mtu niliyeachana naye. Kilichonisisimua kwa bibi ni ile mizunguko miwili ya hela. Nimeamka usingizini kuihesabu. Ila nakubali kwamba bila 183 nisingejua mche mmoja unakula soda kiasi gani, kwa hiyo gharama nisingeipata. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoanza uzi.

#41 Mzee wa Urari
Mkanganyiko huo ndio ada ya uhasibu wa gharama. Umeshalipa.

#42 Ngosha wa Ilemela
Mzee, usimvute kijana kwa mashairi. Kwani akihama halafu kule mwaka wa kwanza akakuta mhadhara wa watu mia sita, mwalimu anaonekana kama kibiriti? Akakuta hakuna mtu anayempa leja nzima usiku wa manane, ni maswali ya kuchagua tu? Fundi alisema kwenye #20 na hakuna aliyemjibu. Alichokipenda siyo uhasibu, ni kuachiwa kazi peke yake.

#43 Karani Mstaafu
Hiyo inaweza kuwa kweli kwake. Dirishani kwangu waliokuja wengi hawakuwa hivyo. Wengi walikuwa wanakimbia somo moja tu: kemia ya fizikia, au kalkulasi ya pili. Wanakuja na hadithi ndefu za wito, ukifungua matokeo unaona sapu mbili za somo lile lile. Wanaenda biashara wanakuta hesabu na takwimu zinawasubiri zimekaa mkao wa kula. Wengine wanarudi kuuliza kama kuna kozi ya lugha.

#44 Kaole
Na waliokimbilia suti mmewasahau. Kaka yangu alihama kwa sababu wanafunzi wa biashara siku ya wasilisho walikuwa wanavaa tai. Hana sababu nyingine mpaka leo.

#45 Kijana wa Eldy
Huyo namuelewa kabisa. Koti la maabara lilikuwa linanifanya nikae kama muuza nyama.

#46 Dada wa Kaunta
Mleta mada, mzee wako umeshamwambia?

#47 Bureti Tupu
Nilimpigia jana jioni. Nikamwambia nafikiria kusoma uhasibu. Akauliza, "Wa duka?" Nikasema wa kampuni, wa serikali, wa popote. Akanyamaza. Halafu akasema kaka yake aliyekuwa karani wa ushirika wa pamba alifungwa miezi sita kwa sababu vitabu havikulingana, na hela hakula yeye. Sikuwahi kuijua hiyo. Nilikuwa nadhani anaipenda maabara, kumbe anaogopa leja.

Nikamuuliza ilizidi kiasi gani. Hakumbuki. Nilitaka kujua kama inagawanyika kwa 9.

#48 Mzee wa Urari
Kijana. Hiyo imenifunga mdomo.

#49 Mwalimu Chaki
Basi nafuta nusu ya #15 yangu.

#50 Karani Mstaafu
Pole kwa baba mkubwa. Lakini nikurudishe dirishani: unachotaka kufanya ni kuacha au kumaliza? Kwa sababu kama ni kuacha, barua unaiandika kabla semista haijakolea na bumu la pili halijaingia. Kila bumu linalosainiwa linaongeza deni na hiyo 25 inapanda nalo.

#51 Bureti Tupu
Nina miadi na mkuu wa idara Ijumaa saa nne. Barua nimeandika mbili, moja ya kuacha, nyingine ya kuomba fildi ya mwaka huu nikafanyie kwenye kijiwe cha sabuni Jambiani kama idara itakubali na Bi Mchele atanipokea. Nitaenda nazo zote mfukoni.

#52 Bi Mchele
Nyumba ipo, chakula kipo. Sufuria ya chuma cha pua nimeshanunua. Bei za mafuta nimekutumia kwenye ujumbe, angalia.

#53 Fundi Pipeti
Wakuu wa idara wengi wanataka fildi ya maabara yenye msimamizi mkemia. Mimi likizo yangu ipo mwezi wa nane, kama wanataka sahihi ya mkemia niambieni. Nauli ya boti tutagawana.

#54 Ngosha wa Ilemela
Uzi ulianza kumhamisha mtu Kemia, sasa wakemia wawili wanapanda boti. Nangoja Ijumaa.

#55 Chipukizi 01
Samahani wakuu, nimeingia mwaka wa kwanza BSc mwaka huu. Lile koti la maabara la #2 bado lipo? Navaa M, nipo Mabibo hosteli.

#56 Bureti Tupu
Lipo. Lina doa la pamanganeti mfuko wa kushoto, halitoki. Nitafute Ijumaa baada ya saa tano, lakini sikuahidi.